Umri sio shida, shida ni je anasimama? (kupeleka watoto kuwinda kanga)

Msimu wa wenyeji kuwinda unafunguliwa tarehe 1 Julai na kama kawaida ukikaribia meseji zinaanza kuingia, kaka, wangu ana miaka kumi nimpeleke? wangu ana nane lakini ni mkorofi kweli nimwache? Mi jibu langu huwa swali, ukimwambia simama, anasimama? Sio anasimama baada ya kuuliza kwa nini, sio anasimama akishamaliza hatua zake tatu, nasema anasimama palepale mguu ukiwa bado juu. Kama anasimama mpeleke hata akiwa na saba, kama hasimami hata awe na ndevu mwache nyumbani amsaidie mama yake kukuna nazi.

Naongelea ndege hapa, kanga na kwale, sijawahi kupeleka mtoto kwenye mnyama mkubwa na sina mpango. Na watu wanadhani ndege ni kitu chepesi kuliko swala, kumbe kwa upande wa usalama ndege ndo wagumu, maana swala anasimama pale, unamuona, unaangalia nyuma yake kuna nini, unaamua. Kwale anakutoka miguuni bila taarifa, vruuu, na anaruka chini chini usawa wa kifua cha mtu, kila mtu anageuka, mitutu inageuka, na mtoto wa watu yupo hapo katikati na reflekta yake. Ajali za ndege zinatokea ndani ya sekunde mbili tatu hizo na wala hazihitaji mtu mjinga, zinahitaji mtu aliyefurahi tu.

Reflekta nitaieleza, ngoja kwanza.

Nina shemeji yangu yupo Marekani jimbo la South Dakota, huko wanawinda ndege anaitwa fesanti, dume lake lina mkia mrefu na pete nyeupe shingoni, kwa ukoo hayuko mbali sana na kwale wetu. Sasa huyu fesanti sio wa kwao, ni ndege wa Asia, mwaka 1881 balozi mdogo wao aliyekuwa Shanghai, Owen Denny, ndo alituma ndege hai kutoka China mpaka Oregon na wakashika, wakazaa, wakajaa, South Dakota wakafungua msimu wa kwanza 1919 na kufika 1943 wakamfanya ndege rasmi wa jimbo. Sisi tunasema kanga hazai ugenini, huyo mwenzake kazaa ugenini mpaka kapewa uraia.

Ila kilichonivutia kwa shemeji sio ndege, ni jinsi wanavyoingiza watoto. Wana siku za msimu zilizotengwa kwa vijana peke yao kabla wakubwa hawajaanza, na kijana anayepiga lazima awe na mtu mzima pembeni yake na huyo mtu mzima hana bunduki, mikono mitupu, kazi yake kumwangalia kijana basi. Halafu wote wanavaa rangi ya machungwa inayopiga kelele. Na wanapiga madume tu, majike yanaachwa yatage, kwa hiyo mtoto analazimika kumtambua ndege angani kabla hajafanya chochote na asipokuwa na uhakika anamwacha aende. Mi nikasikia hapo nikasema basi, hiki ndo nilichokuwa nakitafuta, mtoto anafundishwa kuacha kabla ya kufundishwa kupiga.

Kwetu lakini mambo ni tofauti na naomba hili lisomwe vizuri maana kuna watu watanielewa vibaya. Mtoto wangu hapigi. Bunduki ina leseni na leseni ina jina la mtu, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 haichezi na mtu anayegawa silaha yake kama mwavuli. Tena leseni ya bunduki sio kibali cha kuwinda, ni karatasi mbili tofauti, ya bunduki ni polisi na ya kuwinda inatoka kwenye Sheria ya Wanyamapori Na. 5 ya 2009, unaanzia kwa afisa wanyamapori wako, na kibali kimeandikwa ndege gani na wangapi. Watoto wangu wote wawili wanakisoma kile kibali kwa sauti kabla hatujatoka Tanga, nawapa wakisome wao, na binti yangu ana tabia ya kuuliza "baba na kororo je?" maana kule msitu wa pwani kororo wapo, wale kanga wenye kishungi cha manyoya kichwani, mtu mwenye haraka anawachanganya na kanga wa kawaida mwenye pembe. Kama kororo hayupo kwenye karatasi, haguswi. Na Saadani hata usiiwaze, ile ni hifadhi ya taifa tangu 2005, mipaka yake ijue kabla hujawasha gari, mana kuna jamaa huwa wanajifanya wamepotea.

Kwa hiyo mtoto anafanya nini sasa kama hapigi? Mambo mengi tu. Anaona, na watoto wanaona kuliko sisi jamani, mi macho yangu baada ya miaka arobaini yanamuona kanga akisharuka. Anahesabu. Anashika kisu.

Kisu ndo penye mambo, na hapa ndo nataka kukaa kidogo maana vitabu vya wazungu vya usalama wa bunduki havina hiki kitu. Sisi watu wa pwani ndege lazima achinjwe. Mjomba wangu wa Pangani ambaye ndo alinifundisha mimi anashikilia kwamba ndege akifa kwa marisau, vile vipunje vya ndani ya risasi ya shotigani, kabla kisu hakijamfikia basi huyo ni nyamafu kabisa, haliwi, na wapo masheikh wanaosema ukitaja jina la Mungu wakati unafyatua inatosha, sitaki kuingia kwenye huo mjadala huku mtandaoni maana hautaisha leo. Nachosema ni kwamba kwa mila hiyo ya mjomba ndege akianguka mtu anakimbia. Anakimbia na kisu. Na anayekimbia ni nani? Mtoto, sababu ana mbio. Tangu zamani ndo kazi ya watoto, sisi tulikuwa tunaruka kama tumefyatuliwa sisi, kila mmoja anataka afike kwanza aseme bismillahi.

Sasa lipigie picha. Kanga hawatembei mmoja mmoja, kiangazi wanakuwa kundi, thelathini arobaini. Bunduki imelia, mmoja kaanguka, mtoto kachomoka mbele na kisu mkononi, na lile kundi halijaisha kuruka, bado wapo wanaochelewa chelewa kwenye majani, na mzee mwingine pembeni bado bunduki yake ina risasi na kidole kipo palepale. Kanga aliyechelewa anaruka, mzee anamfuata na mtutu, na mtoto yupo kwenye mstari huo huo. Kila mwindaji wa huku ambaye ni mkweli atakwambia ameshaiona hii au amesikia ya jirani.

Ndo maana kwangu ndege akianguka hakuna anayekimbia. Anaanguka, wote tunasimama. Aliyepiga anaifungua bunduki, anatoa risasi zote, anaining'iniza mkononi ikiwa wazi kila mtu aone mwanga unapita kwenye mtutu, mwenzake anafanya hivyo hivyo, halafu mimi napuliza filimbi mara mbili, ndo mtoto anaenda. Wazee walinicheka sana, eti ndege atakufa mnapuliza filimbi. Ni kweli wengine wanakufa. Mjomba hao hawali, tunawapa wanaokula. Na kanga aliyevunjika bawa ana mbio za ajabu kwa miguu, anaingia kichakani humuoni tena, hao nao tunawatafuta kwa kutulia tukiwa wote bunduki wazi, saa nyingine tunampata saa nyingine hapana na inauma kumwacha, lakini sijawahi kuona kanga ambaye thamani yake inafika jicho la mtoto.

Filimbi nayo ina sababu. Shotigani inapita desibeli 150 na kuanzia 140 sikio linaweza kuumia papo hapo, na sikio la mtoto ndo hilo hilo atakalokaa nalo mpaka uzee, kwa hiyo wangu wanaziba masikio, wa kiume na binti wote, vile vya povu vya kuchomeka au vya kufunika kama vya mafundi wa kukata vyuma. Ukimziba masikio ukamwambia simama hakusikii, sasa somo lote si limekufa? Filimbi inapenya. Moja simama, mbili nenda, mfululizo njoo kwangu. Na mkono juu umekunjwa ngumi ni simama pia, kwa sababu ukishakuwa karibu na kundi hutaki filimbi.

Mazoezi tunafanya nyumbani, hata bunduki haipo. Tunaenda ufukweni au pale uwanjani jioni, wanatembea mbele yangu wanarusha rusha mchanga, mi napuliza. Ilianza kama mchezo na majirani walidhani nafundisha skauti. Wa kiume ana miaka kumi na moja, ana akili sana darasani lakini filimbi ikilia anakumbuka ana kitu cha kumalizia kwanza. Binti ana tisa, anaganda. Msimu uliopita aliyekuja ni binti.

Hapo ndo bibi yao alipoingia. Mtoto wa kike porini na mabunduki, baba yake umechanganyikiwa, atakuja kuolewa na nani. Mama yangu nampenda sana nikamwambia mama, huyu hajaenda kwa sababu ni wa kike wala wa kiume, kaenda kwa sababu anasimama. Akaniambia na wewe ungekuwa unasimama ukiambiwa usingekuwa na hilo kovu mguuni. Nikakaa kimya.

Wa kiume alilia, sitaficha, na mama yake alikuwa upande wake kwa siku kadhaa, lakini hakuna kura kwenye hili jambo.

Reflekta sasa. Yale makoti ya machungwa ya Marekani huku utayatafuta mpaka uchoke, na wala huyahitaji, nenda stendi yoyote ya bodaboda nunua reflekta, ile ya machungwa sio ya kijani maana ya kijani kwenye majani inapotea. Kila mtu anavaa na wakubwa pia, mzee akisema yeye hana haja basi na aende kivyake. Watu wananiambia kanga ataiona rangi. Ataiona ndio, ndege wanaona rangi vizuri tu, lakini kanga alishakusikia tangu unafunga mlango wa gari.

Mpangilio wetu tukitembea kwenye mashamba yaliyovunwa, kule ndani ukishaacha lami pale Mkata, ni mstari mmoja, wapigaji wawili tu mwisho na mwisho, mimi katikati bila bunduki na mtoto hatua moja nyuma yangu ananishika mkanda. Ndio umesoma sawa, siku ya mtoto mi sibebi bunduki, hilo nimeliiba kwa shemeji lilivyo. Huwezi kuangalia ndege na mtoto kwa pamoja, utadanganya kimoja. Wa kushoto anapiga mbele na kushoto kwake, wa kulia mbele na kulia kwake, hakuna anayevuka katikati hata ndege awe wa dhahabu. Na ndege hapigwi mpaka uone mbingu nyuma yake, akiwa chini ya mstari wa miti muache, hata kwale, hasa kwale. Mtoto naye anajua hiyo sheria na ana ruhusa ya kupiga kelele "chini!" akiona ndege yupo chini, na mkubwa akisikia "chini" anainua mtutu juu bila kubishana. Mwanzoni ilimshangaza rafiki yangu mmoja kuamrishwa na mtoto wa miaka tisa lakini alizoea, sa hivi anasema ndo msaidizi wake.

Kuna kitu nilifanya mwaka juzi ambacho nakishauri kwa mwenye shamba na mwenye leseni ya silaha na aliyemtaarifu mwenyekiti wa kitongoji mapema ili watu wasidhani majambazi. Nilichukua papai bovu kubwa, nikaliweka kwenye kichuguu ambacho nyuma yake ni udongo mtupu, watoto nyuma yangu masikio yamezibwa, nikapiga kutoka kama hatua kumi. Halafu nikawapeleka wakaliangalie. Hakuna hotuba niliyotoa. Watoto wa siku hizi wameona bunduki maelfu kwenye simu na mtu anapigwa anainuka anaendelea, sasa hapa kuna papai halipo. Wa kiume aliuliza ingekuwa mita mia je, nikamjibu marisau namba 6 (namba hapo ni ukubwa wa vipunje) kwa ndege ni mita thelathini na kitu, hapo ndo yana nguvu ya kuangusha, lakini hayaishii hapo, yanaendelea kuruka zaidi ya mita 200 na jicho halihitaji nguvu kubwa. Akatulia akaangalia upande wa nyumba za watu. Nikafurahi.

Kwa wenye bunduki za namba tofauti nyumbani hii ni ya kwenu, namba hapa ni upana wa mtutu na 20 ni nyembamba kuliko 12, risasi ya namba 20 ikiingizwa kwa makosa kwenye shotigani ya namba 12 inateleza inaingia ndani ya mtutu inakwama, huioni, unadhani bunduki tupu unaweka ya 12 nyuma yake, ukivuta triga mtutu unapasuka mkononi. Ndo maana za namba 20 zinatengenezwa njano, ni alama. Kwa hiyo mtoto habebi risasi, hata kama anaomba kusaidia, hata kama mifuko yako imejaa. Na ukivuta triga ikakataa kulia usiifungue hapo hapo kwa hasira, elekeza sehemu salama subiri nusu dakika nzima, mtoto akihesabu kwa sauti, kuna risasi zinachelewa.

Lakini nikwambie ukweli, bunduki yangu sio inayoninyima usingizi. Yangu ipo kwenye kabati la chuma, risasi kwingine zimefungwa, funguo ninazo mimi. Inayonisumbua ni gobole. Uziguani huko ukienda kutembelea ndugu, nyuma ya mlango lipo, la babu, limejazwa baruti kwa mdomo tangu nguruwe walipovamia mihogo na hakuna anayekumbuka kama lilitolewa au halikutolewa. Halina leseni, halina sefti, na watoto wanalala chumba hicho hicho. Watoto wako hata kama wewe hujawahi kushika bunduki maishani siku moja watakutana na hicho kitu kwa mjomba, kwa jirani, kwa mlinzi aliyesinzia getini, na kumficha mtoto usimwambie chochote hakumsaidii hiyo siku. Wangu wanajua, ukiiona unasimama, hugusi, unatoka humo ndani, unamwita mkubwa, na mwenzako akiishika wewe unatoka hata akikuita mwoga. Tumefanya mazoezi hata ya kutukanwa, mimi nikiwa ndo mtukanaji, binti alifurahia sana hiyo sehemu akataka zamu yake.

Na manati? Naulizwa sana. Manati ni silaha, kanuni zangu ni zile zile, hauelekezi kwa mtu, unaangalia nyuma ya kopo kuna nini. Mtoto anayepiga kopo vizuri na manati bila kuvunja kioo cha gari ya mtu ameshafika mbali. Ila ndege wa mtaani hawapigwi na manati, tetere na wenzake wana watoto kwenye kiota na wewe hauna kibali.

Nyama sasa, mana ndo mwisho wa safari. Kanga mzee ni mgumu, usimkaange moja kwa moja utamlaumu bure, mchemshe taratibu na chumvi na ndimu na tangawizi mpaka mfupa ulegee, ndo tui zito linafuata mwishoni. Kabla ya hapo mpapase kwa vidole, kila palipo na kitundu na damu nyeusi kata tupa, marisau mengi ni madini ya risasi yenyewe na ni sumu, hasa kwa watoto, Marekani kwa bata wa majini waliyapiga marufuku nchi nzima tangu 1991. Hata hivyo moja mbili zinabaki, kwa hiyo mezani kwetu watoto wanatafuna polepole na kila atakayeipata anaiweka pembeni ya sahani tuhesabu nani kapata nyingi. Bibi yao hashiriki. Anasema meno aliyobaki nayo ana mipango nayo, yeye anakula mchuzi na wali, nyama anampa wa kiume ambaye mpaka leo kamnunia baba yake lakini mapaja ya kanga hajayanunia.